Kambi ya uponyaji msituni kwa vijana wa Mataifa ya Kwanza nchini Kanada: mwongozo kamili

Mwongozo huu unahusu kambi moja: siku 10, mwezi Machi, vijana 10 wenye umri wa miaka 13 hadi 17, katika misitu ya kaskazini mwa Ontario au Quebec, kwa Wakree na majirani zao Waanishinaabe, ambao ni miongoni mwa Mataifa ya Kwanza, yaani wenyeji asilia wa Kanada. Tumechagua kambi moja kwa sababu ushauri wa jumla hauwashi jiko saa kumi alfajiri wakati nje ni nyuzi 30 chini ya sifuri. Tumewaandikia wanakamati wanaoandaa kambi, na pia wasomaji wa Kiswahili walioajiriwa Kanada katika nyumba za kulelea vijana na ofisi za ustawi wa jamii, ambao huenda siku moja wakaombwa kumsindikiza kijana porini bila kuelezwa wanachokwenda kufanya.

Jambo la kushika kabla ya yote ni hili: kinachoponya ni kazi ya kweli inayofanywa pamoja na wazee, kazi ambayo kambi nzima inaitegemea. Kijana asipopasua kuni, watu watalala na baridi. Asipokagua wavu, hakuna samaki. Kambi yenye michezo ya kupoteza muda na mihadhara ya jioni ni safari ya shule, na vijana huligundua hilo siku ya kwanza.

Kwa nini msituni

Tangu karne ya 19 hadi miaka ya 1990, serikali ya Kanada na makanisa walichukua zaidi ya watoto 150,000 wa Mataifa ya Kwanza na wa makundi mengine mawili ya wenyeji, Wainuiti na Wametisi, na kuwaweka katika shule za bweni, ambako wengi waliadhibiwa kwa kusema lugha zao. Mtoto aliyekulia bwenini hakufundishwa na baba yake kutega, wala hakukaa na bibi yake akiangalia ngozi inavyolainishwa. Alipopata watoto wake, alikuwa na machache ya kuwarithisha, na mara nyingi alikuwa na maumivu ambayo hakuwahi kuyasema. Kambi inalenga pengo hilo la malezi. Ulevi, kunusa petroli na majaribio ya kujiua, kama yale yaliyoufanya uongozi wa kijiji cha Wakree cha Attawapiskat utangaze hali ya dharura Aprili 2016, huota ndani ya pengo hilo.

Kazi hii si ngeni. Watu wa visiwa vya Haida Gwaii, pwani ya magharibi, walianza kambi zao za vijana mwaka 1978. Wakree wa Chisasibi, mashariki mwa Ghuba ya James iliyo kati ya Ontario na Quebec, wana mpango wao uliojengwa juu ya mafundisho ya mzee Eddie Pashagumiskum. Taifa la Kwanlin Dün, karibu na mji wa Whitehorse katika Yukon, wana kambi yao Jackson Lake. Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule za bweni chini ya uenyekiti wa Murray Sinclair, ilitoa miito 94 ya kuchukua hatua mwaka 2015, na mwito wa 22 unataka mfumo wa afya uthamini tiba za wenyeji na kuzitumia kwa ushirikiano na waganga na wazee pale wagonjwa wanapoomba. Nukuuni mwito huo katika maombi yenu ya fedha.

Hatua ya 1: Ruhusa ya mwenye eneo

Anzeni miezi 6 kabla. Azimio la chifu na baraza lake linahitajika kwa ajili ya bima na fedha, lakini haliwapi haki ya kuingia msitu wowote mnaoutaka. Kwa Wakree wa Ghuba ya James kila eneo la kuwinda na kutega lina msimamizi wake, mtu wa ukoo uliolitunza kwa vizazi. Mwendeeni nyumbani. Yeye ndiye anajua barafu ipi huwa nyembamba mwaka mzima, wapi mabiva (wanyama wa majini wenye manyoya wanaojenga mabwawa kwa miti) wameachwa wapumzike bila kutegwa, na kaburi la nani liko kwenye kona ipi ya ziwa. Kambi iliyowekwa bila yeye huleta ugomvi wa koo, na vijana wa ukoo ule hawatakuja tena.

Chagueni mahali penye umbali wa kilomita 20 hadi 40 kutoka kijijini. Karibu zaidi ya hapo, rafiki atakuja na pikipiki ya theluji usiku akiwa na chupa. Mbali zaidi, mgonjwa atachelewa kufika zahanati. Machi tunaupendelea kwa sababu ndani ya nchi barafu bado ni nene, urefu wa mchana unakaribia saa 12, hakuna mbu, na mizigo huvutwa kwa sleji (kitoroli kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji) badala ya kukodi ndege. Msijaribu wakati maji yanaganda au yanapoyeyuka, yaani kama Novemba na kama Mei. Majira hayo hata wawindaji hupunguza safari za maji na barafu.

Hatua ya 2: Wazee

Mnahitaji wawili kwa uchache, mwanamume na mwanamke, na kila mmoja aje na msaidizi wake. Ombi hufanywa kwa tumbaku: pakiti ya tumbaku ya kusokota au kifungu kidogo kilichofungwa kwa kitambaa, kinatolewa mkononi kabla ya ombi kusemwa. Akikipokea amekubali. Akikiacha mezani, msibembeleze. Zipo familia za Kianglikana au za Kipentekoste ambazo hazitumii tumbaku kabisa, na kwao chai, sukari na nyama ndiyo heshima. Mwulizeni mtu wa nyumba ile kabla hamjaenda.

Umri peke yake hautoshi. Wapo watu wazima waliotoka shule za bweni na majeraha mabichi, na wapo waliowaumiza watoto. Kila mtu atakayelala kambini, mzee naye akiwemo, apitie ukaguzi wa polisi unaohusu kazi na watoto, na pamoja na hati hiyo waulizeni kwa siri wanawake watatu au wanne wa makamo wanaoheshimika kijijini. Wao wanajua yasiyoandikwa polisi. Jina moja likizua kimya kirefu, liacheni.

Wazee walipwe taslimu siku ile ile kazi inapokwisha, bila kudaiwa ankara. Kumwambia mzee wa miaka 78 asubiri hundi wiki sita ni kumvunjia heshima mbele ya vijana mnaowafundisha heshima.

Hatua ya 3: Fedha, na mtego wa Machi 31

Fedha nyingi za serikali kuu hutoka kwa mwaka wa fedha unaoishia Machi 31. Kamati nyingi hupata barua ya kukubaliwa Januari, huharakisha kambi Machi, halafu Aprili 1 hakuna senti ya kumfuatilia kijana. Ufuatiliaji ni nusu ya tiba, kwa hiyo uandikeni kama kifungu chake wenyewe katika ombi la mwaka unaofuata, na lipelekeni ombi hilo kabla kambi haijaanza. Kama mfadhili hakubali, fupisheni kambi iwe siku 7 na mbakize fedha za miezi mitatu ya kukutana.

Kwa mtoto mmoja mmoja kuna Kanuni ya Jordan, iliyopewa jina la mtoto Jordan River Anderson wa jamii ya Norway House, Manitoba, na kupitishwa na Bunge mwaka 2007 ili mtoto wa Mataifa ya Kwanza asinyimwe huduma wakati serikali kuu na ya jimbo zinabishana nani alipe. Ombi huhitaji barua inayoeleza kwa nini mtoto huyu, kwa hali yake, anahitaji huduma hii. Barua ya jumla kuhusu umuhimu wa utamaduni hurudishwa. Masharti yake hubadilika, hivyo someni yaliyopo mwaka huo kabla ya kuandika.

Vifungu vinavyosahaulika: mafuta ya pikipiki za theluji (safari za akiba zikiwemo), vipuri vya mikanda na plagi, bima, nguo za vijana wasio nazo, na mishahara ya vijana wasaidizi.

Hatua ya 4: Vijana

Msichukue kijana aliyelazimishwa na mahakama au shule kama adhabu, isipokuwa yeye mwenyewe amekubali baada ya kukutana na wazee. Mkutano huo ufanyike wiki tatu kabla, nyumbani kwa mzee, kwa chakula. Changanyeni: watatu au wanne walio katika hali nzito, na waliobaki wawe wenye utulivu kiasi, hasa wawili waliowahi kuishi porini na babu zao. Kundi la watu 10 wote walio katika msukosuko hujiendesha lenyewe kuelekea kwenye msukosuko.

Hati za ruhusa zinachukua muda, hasa kwa mtoto aliye chini ya shirika la ulezi. Anzeni wiki 8 kabla. Katika fomu ulizeni yafuatayo, kwa sababu kila moja linabadilisha jinsi kambi inavyoendeshwa:

- Dawa zote, pamoja na zile zisizopenda baridi. Insulini ikiganda imeharibika hata ikiyeyuka; hubebwa kifuani, chini ya shati. Dawa ya pumu ya kuvuta hufanya kazi vibaya ikipoa, nayo ikae mfuko wa ndani.
- Kifafa, ujauzito, ugonjwa wa moyo, na dawa ya lithiamu, ambayo mwili ukipungukiwa maji huwa sumu.
- Majaribio ya kujiua: lini na kwa njia gani. Njia mnahitaji kuijua ili mjue kifaa gani cha kufungiwa.
- Pombe na vidonge katika siku 14 zilizopita. Anayekunywa kila siku, au anayetumia vidonge vya usingizi na kutuliza wasiwasi kila siku, asikatishiwe porini. Kuacha ghafla kunaweza kuleta degedege na kifo. Aanzie hospitali, aje kambi inayofuata.
- Imani ya familia, na ibada ambazo hawataki mtoto wao ashiriki.

Hatua ya 5: Watu wazima

Mtu mzima mmoja kwa vijana wawili. Kwa vijana 10 tunashauri hivi: wazee wawili na wasaidizi wao, wawindaji wawili, wafanyakazi wa vijana watatu, mpishi, na muuguzi au mtu mwenye mafunzo ya huduma ya kwanza ya porini. Wasaidizi hawahesabiwi katika uwiano, maana kazi yao ni mzee. Angalau mmoja kati ya wafanyakazi aseme Kikree vizuri ili lugha isibaki ya ibada tu. Majina ya zana, wanyama na aina za theluji yasemwe kwa Kikree tangu asubuhi ya kwanza, kazi ikiendelea, bila kuligeuza kuwa somo.

Wewe uliyetoka mbali na kuajiriwa kama mfanyakazi wa vijana, kazi yako ni kuchota maji, kuwa macho usiku na kujifunza kwa uwazi mbele ya vijana. Kijana anayemfundisha mtu mzima kutembea kwa viatu vya theluji (vipana, vya kuzuia mguu usizame) amepata kitu ambacho darasani hakukipata. Usichangie hadithi za taabu za kwenu ili kumliwaza. Ngoja akuulize.

Hatua ya 6: Mahema, moto na kuni

Hema la turubai la mita 3.6 kwa 4.2 hulaza watu watano hadi saba. Kambi hii inahitaji sita: mawili ya vijana wa kiume na wa kike, mawili ya wazee na wasaidizi, moja la wawindaji na wafanyakazi, na moja la jiko na mikutano. Kijana aulizwe mapema hema lipi analoona ni lake. Watu wazima waliokaguliwa hulala kwa zamu ndani ya mahema ya vijana, kila mara wawili pamoja.

Kanyageni theluji kwa viatu vya theluji, iacheni masaa kadhaa igande, ndipo msimamishe hema. Sakafu ni matawi ya mspurusi, mti wa jamii ya msonobari unaojaa kila mahali. Hutandazwa kwa safu kama makuti, ncha laini juu, kikonyo kikifichwa chini ya safu inayofuata, hadi unene wa sentimita 15 au 20. Tawi lililogeuzwa huchoma mgongo usiku kucha. Sakafu hubadilishwa kila siku ya tatu au ya nne, na hii ni kazi nzuri sana kwa kijana asiyeweza kutulia: mikono ina shughuli, harufu ni safi, na bibi anakaa karibu akisahihisha.

Jiko la bati huwekwa juu ya magogo mawili mabichi, la sivyo litayeyusha theluji na kuinama. Bomba lipite katika pete ya chuma, liwe na wavu wa kuzuia cheche, na lisafishwe kila siku ya tatu kwa sababu lami ya kuni za mspurusi hujaa haraka na kuwaka. Kila hema liwe na king'ora cha gesi ya kaboni monoksidi chenye betri mpya, tundu la hewa ambalo halizibwi hata kukiwa na baridi kali, na kisu kilichoning'inizwa kwenye ukuta ulio mbali na mlango. Mlango ukishika moto, ukuta huo hupasuliwa. Kisu hiki kikae mahali panapolindwa na mtu mzima wa zamu, kwani visu vingine vyote hukusanywa jioni.

Kadirieni robo ya mita ya ujazo ya kuni kavu zilizopangwa kwa kila hema kwa siku. Kwa mahema sita na siku 10 ni mita 15 za ujazo, na nusu yake iwe imekwisha kukatwa kabla vijana hawajafika. Nusu nyingine waachieni wao. Mspurusi au mlachi (mti mwingine wa jamii hiyo) uliokufa ukiwa umesimama ndio wa kukata. Uliolala chini ya theluji umelowa.

Nguo na chakula

Wiki moja kabla, kila kijana aje ajaribu nguo zake. Vijana wengi hawana viatu vya baridi kali na wataona haya kusema. Kinachotakiwa ni buti zenye soksi nene za ndani, soksi nne za sufu, suruali na shati za ndani za sufu au sintetiki, koti refu lenye kofia, na glavu za ngozi za vidole vilivyounganika zenye bitana. Jinzi na soksi za pamba zibaki nyumbani, kwani pamba ikilowa jasho huondoa joto la mwili. Buti ziwe kubwa kidogo. Zikibana, damu haifiki vidoleni.

Mtu anayefanya kazi katika baridi hiyo anaweza kuhitaji kalori 4,000 kwa siku, hivyo mafuta, uji wa shayiri, maharage, unga wa mkate wa kukaanga, nyama ya musi (kulungu mkubwa wa kaskazini) na siagi viwe tele. Vyombo vya maji vilazwe vikiwa vimefunikwa na kufukiwa ndani ya theluji, mdomo chini, ili barafu ianzie upande wa juu. Maji ya ziwa yachemke dakika nzima.

Hatua ya 7: Kazi za siku

Siku mbili za mwanzo ni kujenga tu. Msianze maongezi ya majeraha. Kijana hajalala, amekatwa simu, sigara na vinywaji vya kuongeza nguvu kwa mara moja, na hasira hutoka mara nyingi kati ya siku ya tatu na ya tano. Chakula kingi na kazi nzito ndiyo dawa ya siku hizo.

Kabla ya mtu yeyote kukanyaga ziwa, mwindaji apime barafu kwa mtaimbo, kila hatua chache, na vijana wamwone akipima. Barafu safi ya samawati iwe sentimita 15 kwa mtu mmoja, 20 kwa kundi, 25 kwa pikipiki ya theluji. Barafu nyeupe iliyotokana na theluji ina nusu ya nguvu, basi zidisheni unene mara mbili. Epukeni midomo ya vijito, vivuko vyembamba na nyumba za mabiva, hata kama kwingine ni mita nzima.

Wavu chini ya barafu ndio kazi kuu ya kambi, kwa sababu hauwezi kuwekwa na mtu mmoja. Chimbeni tundu la kwanza, kama mita moja kwa nusu mita. Ingizeni ubao wa kusukumia kamba: ubao wa mita mbili uliopakwa rangi kali, wenye mkono wa chuma unaokwaruza chini ya barafu kila kamba inapovutwa na kulegezwa. Kijana mmoja anavuta kwa mapigo. Mwingine anatembea juu akisikiliza mkwaruzo na kufuata rangi. Ubao ukifika mita 45, urefu wa wavu, mnachimba tundu la pili pale alipo msikilizaji, mnautoa, na kamba inavuta wavu chini. Msikilizaji akipiga domo, ubao unapotea na tundu linachimbwa mara tatu. Hapo kuna somo la kusikilizana ambalo hakuna anayelazimika kulihubiri.

Kamba ya juu ya wavu izamishwe mita moja chini ya barafu. Ikikaa juu zaidi, huganda na mtaukata wavu. Tundu hufunikwa kwa matawi na theluji ili lisigande sana, na kuwekewa nguzo ili pikipiki isitumbukie. Ukaguzi ni kila siku. Anayetoa samaki avae glavu za mpira juu ya zile za sufu, na ndoo ya maji ya uvuguvugu iwe kando.

Matanzi ya sungura wa theluji yanafaa kwa kijana asiyependa kundi. Waya laini wa shaba, kitanzi cha sentimita 10, ukingo wa chini ukiwa sentimita 8 hadi 10 juu ya njia ya sungura, vijiti viwili pembeni ili asipite kando. Kila mmoja ana matanzi matano na anayakagua kila asubuhi, kwani kumwacha mnyama aliyenaswa ni ukatili. Siku ya mwisho yote yahesabiwe na kuondolewa. Mnyama wa kwanza wa kijana hapewi yeye. Anakwenda kwa mzee, mbele ya watu wote, na tunalihesabu tendo hili kuwa zito kuliko ibada nyingi zilizoandaliwa. Mifupa ya biva hairushwi kwa mbwa, hurudishwa majini.

Bunduki ni za wawindaji wenye leseni tu, zimefungwa, risasi kando. Kijana wa miaka 12 hadi 17 anaweza kupata leseni ya watoto, lakini kambi hii si mahali pa kuanzia.

Ibada na maongezi

Hapa ndipo kamati hukosea zaidi, kwa kuagiza ibada kutoka mbali. Kibanda cha jasho (ibada ndani ya kibanda chenye mvuke wa mawe ya moto) na gurudumu la tiba (duara la mafundisho lenye sehemu nne) mara nyingi hufanywa kwa namna zilizoenea kutoka nyanda za magharibi, na katika vijiji kadhaa vya kaskazini familia zinagawanyika juu ya mambo hayo. Fanyeni ibada ambayo wazee wenu wanaitambua kuwa yao. Pengine ni kukaa hemani na mzee akisimulia, au sala ya Kikree kabla ya kula, na inatosha.

Kibanda cha jasho kikikubaliwa, kiongozwe na mtu aliyekabidhiwa haki hiyo na wakubwa wake. Mawe yasitoke mtoni wala kwenye maji, kwani unyevu ulio ndani huyapasua motoni. Turubai la plastiki lisitumike. Wenye kifafa, ugonjwa wa moyo, ujauzito au lithiamu wakae nje kama walinzi wa moto, kazi yenye heshima kamili. Baadhi ya wazee huwa na miiko kwa msichana aliye katika siku zake. Bibi awaeleze wasichana mapema, faraghani, maana yake na heshima yake, ili yeyote asirudishwe mlangoni mbele ya wavulana.

Kujifukiza asubuhi kwa moshi wa mimea yenye harufu nzuri, yaani seji, mwerezi au nyasi tamu, ni hiari. Duara la maongezi lifanyike usiku wa tano na wa nane, saa moja unusu isizidi, kitu kikipita mkononi na anayekishika tu ndiye anasema. Kupitisha bila kusema ni ruhusa. Maneno mazito hutoka zaidi kwenye sleji na penye tundu la wavu kuliko kwenye duara, kwa hiyo kila mfanyakazi ajue la kufanya akiambiwa jambo: asikilize, asiahidi siri, na kama kuna mtoto anayeumizwa, amweleze kiongozi siku hiyo hiyo, kwani sheria inataka litolewe taarifa.

Mambo yanapoharibika

Petroli ndiyo dawa ya kulevya iliyo ndani ya kambi yenu. Mapipa, mafuta ya taa za hema na ya misumeno yafungiwe kufuli mbali na mahema, na mwindaji mmoja awe na ufunguo. Vanila, ambayo ina kileo, pamoja na hamira na sukari, ambazo hutengenezewa pombe, viwe kwa mpishi. Mkimkuta kijana ananusa, msimfokee wala kumkimbiza: mshtuko juu ya moyo ulioathiriwa na mvuke huo unaweza kuusimamisha papo hapo. Semeni naye taratibu, mtoeni kwenye hewa safi, mkae naye.

Kijana akisema anataka kufa, mwulizeni wazi kama ana njia na wakati. Mtu mzima mmoja awe naye muda wote, usiku kwa zamu. Shoka, visu, kamba na dawa viko chini ya ufunguo tayari. Kwa simu ya setilaiti muuguzi awasiliane na zahanati, na kiongozi aamue pamoja na wazazi kama anabaki. Wengi hubaki salama. Aliye na mpango kamili huondolewa. Wakisharudi kijijini, namba 988 hupokea simu na ujumbe Kanada nzima, saa zote.

Kwa baridi, watu watazamane nyuso wawili wawili kila dakika 20 safarini. Doa jeupe shavuni hupashwa kwa kiganja kikavu, halisuguliwi na theluji. Anayetetemeka kisha akaacha kutetemeka huku akisema ovyo ni mgonjwa wa dharura: mlazeni chali, msimtembeze, mfungeni mablanketi makavu, mwiteni msaada. Simu za setilaiti ziwe mbili, zilale ndani ya mfuko wa kulalia, na ujumbe uende kijijini kila jioni saa ile ile. Ujumbe ukikosekana kwa saa mbili, wa kijijini waanze safari.

Kurudi, na wiki 12 baada yake

Siku ya nane waleteni wazazi, walale usiku mmoja. Vijana wawaoneshe wavu na sakafu walizotandaza. Mzazi ambaye hakufundishwa atakaa pembeni akiona aibu. Mzee amwite ashike kamba pamoja na mwanawe, bila maelezo.

Siku ya 10 samaki na sungura hugawiwa na vijana wenyewe, nyumba kwa nyumba, kwa wazee na wajane. Ndani ya saa 48 kila kijana atembelewe na mtu mzima mmoja aliyepangwa kwake tangu mwanzo, yule yule, si yeyote aliye zamu. Kisha wakutane jioni moja kila wiki kwa wiki 12, kazi ikiwa mkononi: kushona glavu, kurekebisha nyavu, kukwangua ngozi. Kila mwezi walale porini mwishoni mwa wiki moja. Mwezi Mei, shule za Wakree wa Ghuba ya James zinapofungwa kwa uwindaji wa bata bukini, tafutieni kila kijana familia itakayomchukua kambini kwao. Asiye na familia ndiye wa kupangiwa kwanza.

Kipimo cha mafanikio kisiwe fomu iliyojazwa kambini watu wakiwa wamechoka. Andikeni mambo yanayoonekana: nani analala usiku, nani huamka bila kuitwa, nani ameanza kumsalimu bibi yake kwa Kikree, nani amerudi shuleni. Mfadhili akitaka kipimo rasmi, shirika la Thunderbird Partnership Foundation wana kipimo cha ustawi kilichojengwa na Mataifa ya Kwanza juu ya tumaini, kuwa wa mahali, maana na lengo. Taarifa za vijana ni mali ya jamii. Mkataba useme wazi nani anazimiliki, nani anazidhibiti, nani anaziona na zinakaa wapi, kabla mtafiti yeyote hajagusa karatasi.

Wawili au watatu kati ya kundi la kwanza wenye miaka 16 na kuendelea warudi mwaka ujao kama wasaidizi. Walipwe mshahara, wapewe mafunzo ya huduma ya kwanza na ya barafu mwezi Januari, na majina yao yaingie kwenye bajeti mnayoipeleka sasa.